Miwani ya Jua: Kinga na Pambo, kutoka Venice hadi Kigoma

Miwani ya jua ni miwani yenye lenzi zilizotiwa rangi ili kupunguza mwanga unaoingia machoni na, ikiwa imetengenezwa ipasavyo, kuzuia mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Tangu mwanzo imefanya kazi mbili, kukinga na kupamba, na historia yake ni habari ya jinsi kazi hizo zilivyopishana. Ulaya na Marekani ilianza kama kinga, kisha ikawa pambo. Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda kinyume: ilifika kama kioja, ikapendwa kama pambo, na kinga yake ndiyo iliyochelewa kuulizwa.

Jua la mwambao

Manispaa ya Kigoma-Ujiji, yenye kata kama Katubuka, Gungu, Kibirizi na Mwanga Kaskazini, iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na mionzi ya urujuanimno huwa mikali mwaka mzima, hata siku za mawingu mepesi. Kiangazi huongeza vumbi. Tena mkazi wa mwambao hupata mwanga mara mbili: ule unaoshuka kutoka juu na ule unaorudishwa na maji.

Kabla ya kuwapo lenzi, watu walijikinga kwa vitu walivyokuwa navyo. Kofia, kilemba, kanga iliyovutwa hadi usawa wa nyusi, au kiganja tu kilichowekwa juu ya macho, vilitosha kuzuia mwanga wa juu. Ratiba ya kazi nayo ilisaidia kidogo, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku zisizo na mbalamwezi. Lakini kazi ya asubuhi hufanyika juani. Pale Kibirizi wanawake huanika dagaa mchangani na juu ya vichanja, wakigeuzageuza na kufukuza ndege mpaka mzigo ukauke, na hawaombi kivuli, kwa sababu siku ya mawingu ni siku ya hasara. Kanga hukinga utosi na paji la uso, lakini haizuii mng'ao unaopanda kutoka mchangani na majini. Mng'ao wa namna hiyo, unaotoka chini, ndio uliowasukuma watu wa nchi nyingine kubuni kitu cha kuvaa mbele ya macho.

Theluji, mahakama na maji ya Venice

Kifaa cha kale zaidi kinachojulikana hakikuwa na kioo. Wainuiti wa nchi za kaskazini ya mbali, ambako theluji hurudisha mwanga mpaka mtu akapofuka kwa siku kadhaa, walichonga mfupa, pembe au mti ukawa ngao nyembamba ya kufunika macho, wakaupasua mpasuo mmoja mwembamba wa kuonea. Mwanga kidogo tu ulipita, na mwindaji aliweza kuona mbali bila kuumia.

Nchini China, kufikia karne ya 12, palikuwa na vipande bapa vya kwatzi yenye rangi ya moshi vilivyovaliwa usoni. Inasimuliwa kwamba mahakimu walivitumia wakati wa kuhoji mashahidi ili mtu asiweze kusoma mawazo yao machoni. Hapo hapakuwa na suala la jua. Kilichotakiwa ni kuficha uso, na tabia hiyo ya kuficha imebaki na miwani ya giza hadi leo.

Katika karne ya 18, mji wa Venice nchini Italia, ambao barabara zake ni mifereji ya maji, ulipata miwani ya kioo cha kijani iliyovaliwa na watu wa nasaba waliposafiri kwa mitumbwi yao kwenye wangwa. Kioo hicho kilitoka katika tanuri za kisiwa cha Murano. London nako, mnamo 1752, fundi James Ayscough alikuwa akitangaza lenzi za buluu na kijani. Yeye hakuwa na shida na jua. Aliamini kuwa kioo cheupe humwumiza mtu mwenye macho dhaifu.

Tanuri za Venice zilikuwa na uhusiano na Ujiji muda mrefu kabla ya lenzi yoyote kufika huko. Sehemu kubwa ya ushanga uliobebwa na misafara kutoka pwani ya Zanzibar na Bagamoyo ilitengenezwa Venice. Katikati ya karne ya 19 ushanga ulikuwa fedha ya soko la Ujiji. Kwa ushanga watu walinunua samaki, chumvi, nafaka na mafuta ya mawese. Fasheni yake ilikuwa kali. Rangi na umbo vilivyotakiwa sehemu moja vilikataliwa sehemu nyingine, na mfanyabiashara aliyebeba ushanga usiotakiwa alijikuta na mizigo isiyonunua hata chakula cha wapagazi. Mji huo, basi, ulikuwa umezoea zamani kuchagua kioo cha kigeni kwa macho makali, ingawa kilivaliwa shingoni na kiunoni.

Miwani ya kijivu ya Speke

Habari za mapema za miwani ya giza katika bara la Tanzania zinamhusu mtu aliyefika Ujiji akiwa karibu kipofu. Februari 1858 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili ziwani baada ya safari ya miezi mingi kutoka pwani. Burton alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa sababu ya homa. Speke alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa macho, na ziwa alilolifuata kwa taabu yote hiyo lilikuwa kwake kama ukungu tu.

Baadaye mwaka huohuo, Burton akiwa amebaki Tabora, Speke alielekea kaskazini pamoja na kiongozi wake maarufu Sidi Mubarak Bombay, akafika ziwa ambalo alilipa jina la Victoria. Macho yake yalikuwa bado hayastahimili mwanga, kwa hiyo njiani alivaa miwani yenye lenzi za kijivu. Kinga hiyo ilimletea usumbufu asioutarajia. Katika vijiji alivyopita watu walimzonga, wakainama kuchungulia chini ya ukingo wa kofia yake wapate kuona vizuri macho yake ya pili. Msongamano ukawa mkubwa mpaka akaamua kuivua na kuitia mfukoni. Miwani iliyotengenezwa ili jicho lipumzike ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kutazamwa na kila jicho.

Miongo iliyofuata haikubadili hali hiyo sana. Wamisionari, maofisa wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji na Kiingereza walikuja na kofia ngumu za jua na miwani yao. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vita vikaleta kifaa kingine cha macho: mwaka 1916 ndege za majini za Wabelgiji, zikiruka kutoka ng'ambo ya ziwa, zilidondosha mabomu katika bandari ya Kigoma. Marubani wa enzi hizo walikaa kwenye viti visivyo na paa na kuvaa miwani mikubwa ya kuzuia upepo na mafuta ya injini. Kutoka kwa watu wa kazi hiyo ndiko ulikozaliwa mtindo wa miwani uliokuja kujulikana kuliko yote.

Kutoka maabara hadi ufukweni

Mwaka 1913 mwanakemia Mwingereza Sir William Crookes alitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya vioo, ambao walikuwa wakipata mtoto wa jicho kwa kukodolea tanuri. Alijaribu mamia ya michanganyiko ya kioo, akapata inayozuia mionzi ya urujuanimno na kupunguza joto bila kumfanya mfanyakazi ashindwe kuona kazi yake. Huo ulikuwa msingi wa kisayansi wa lenzi za jua.

Biashara ya umma ilianzishwa na mtu mwingine. Mwaka 1929 Sam Foster alianza kuuza miwani ya jua ya selulodi, aina ya awali ya plastiki, kwa watu waliokuja kupumzika katika ufukwe wa Atlantic City nchini Marekani. Ilikuwa rahisi, iliyotengenezwa kwa wingi, na haikuhitaji daktari. Wakati huohuo waigizaji wa sinema wa Hollywood walikuwa wakipigwa picha wakiwa na miwani ya giza mitaani, na mashabiki wakaiga. Katika mwongo mmoja kifaa cha wagonjwa kikawa vazi la mapumziko.

Uvumbuzi wa Edwin Land ulirudisha suala la maji. Mwanga wa jua ukigonga uso wa ziwa na kurudi, mawimbi yake mengi hulala upande mmoja, sambamba na maji; hayo ndiyo yanayoleta kile kimeto kinachomfanya mvuvi afinye macho. Land alitengeneza utando wenye chembe ndogo mno zilizopangwa mstari mmoja, unaopitisha mawimbi ya upande mmoja na kuzuia ya upande mwingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 utando huo ulikuwa umetiwa kwenye miwani ya jua, na kampuni yake ikaitwa Polaroid. Aliyevaa lenzi za namna hiyo ziwani huona kimeto kikififia na mawe ya chini yakijitokeza.

Marubani wa jeshi la Marekani nao walilalamikia mwanga wa juu ya mawingu. Kampuni ya Bausch & Lomb ya Rochester, New York, iliwatengenezea miwani yenye lenzi za kijani zilizoning'inia kama tone la maji, ili zifunike hata sehemu ya chini ya jicho rubani anapotazama vipimo vyake. Mwaka 1937 iliuzwa kwa raia kwa jina la Ray-Ban Aviator. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, picha za Jenerali Douglas MacArthur akiwa Ufilipino na miwani hiyo zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Ulikuwa ni mtindo wa amri na mamlaka, na wanajeshi, polisi na wakuu wa nchi katika mabara mengi waliupokea kwa maana hiyohiyo.

Enzi ya plastiki na studio za picha

Mwaka 1952 Bausch & Lomb walitoa Wayfarer, iliyobuniwa na Raymond Stegeman. Fremu yake ilikuwa ya plastiki nene, si waya, na plastiki iliwapa wabunifu uhuru wa kufinyanga umbo lolote. Miaka ya 1950 wanawake walivaa fremu zilizochongoka pembeni kama macho ya paka. Mwaka 1961 sinema ya Breakfast at Tiffany's ilimwonyesha Audrey Hepburn na miwani mikubwa ya giza, na mwishoni mwa mwongo huo Jacqueline Kennedy Onassis akafanya lenzi pana za duara kuwa alama ya mwanamke mashuhuri asiyetaka kusumbuliwa na wapiga picha. Lenzi zinazojigeuza kuwa nyeusi juani na nyeupe kivulini ziligunduliwa na kampuni ya Corning katika miaka ya 1960.

Barani Afrika mahali ambapo watu wengi walikutana na mitindo hii ni studio ya picha. Huko Bamako, Mali, Malick Sidibé alipiga picha za vijana wa miaka ya 1960 wakiwa na miwani ya giza, suruali pana na redio. Studio za miji ya Afrika Mashariki nazo ziliweka pazia lenye mandhari, kiti, saa, na pengine miwani ya kuazima. Mteja aliivaa kwa dakika chache, akapigwa picha, akairudisha mezani. Picha ndiyo iliyokwenda kijijini. Katika matumizi hayo hapakuwa na jua hata kidogo, maana kazi ilifanyika ndani, chini ya taa.

Tanzania ya Azimio la Arusha haikuyatazama mapambo ya kigeni kwa jicho jema. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa ya uhaba wa fedha za kigeni. Sabuni na sukari zilipangiwa foleni, sembuse miwani. Mambo yalifunguka kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mitumba ikamiminika, na Kariakoo ikawa chimbuko la karibu kila kitu kinachouzwa mikoani.

Kigoma ilikuwa na dirisha jingine, ng'ambo ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilikataza suti na tai nchini Zaire na kuamuru vazi la abakosti. Vijana wa Kinshasa wakajibu kwa unadhifu wa kupindukia. Papa Wemba, aliyeunda bendi ya Viva La Musica mwaka 1977, ndiye aliyeutangaza zaidi mtindo huo wa La Sape: viatu vya ngozi ghali, suti yenye jina la mbunifu, fimbo na miwani ya giza. Ziwa halikuwa mpaka kwa muziki. Rumba ya Zaire ilisikilizwa Kigoma kama muziki wa nyumbani, na wafanyabiashara, wanamuziki na baadaye wakimbizi waliovuka kutoka Kalemie, Baraka na Uvira walivuka na mavazi yao.

Sinema, feki na bongo fleva

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wayfarer ilikuwa inakaribia kusahaulika, na kampuni ikatafuta wakala wa kuiingiza katika filamu. Tom Cruise aliivaa katika Risky Business mwaka 1983, na miaka mitatu baadaye akavaa Aviator katika Top Gun. Mauzo yakaruka. Nchini Tanzania filamu za namna hiyo zilionwa katika vibanda vya video, na vijana waliitaja miwani kwa majina ya waigizaji badala ya ya kampuni. Kwa upande wa michezo, kampuni ya Oakley, iliyoanzishwa na Jim Jannard mwaka 1975, ilileta miwani inayozunguka uso ya waendesha baiskeli na wanariadha.

Mwaka 1999 kampuni ya Kiitaliano ya Luxottica ilinunua Ray-Ban kwa dola milioni 640, na mwaka 2018 ikaungana na Essilor ya Ufaransa. Wakati majina makubwa yakikusanyika mikononi mwa wachache, utengenezaji ulihamia China, katika miji kama Danyang, Wenzhou na Shenzhen. Huko hutengenezwa miwani halali na pia ile inayoigiza nembo zake. Ndiyo sababu mtindo uliochukua miaka ishirini kufika Kigoma enzi za studio sasa hufika kabla hata ya msimu wake kwisha.

Muziki wa kizazi kipya ulichukua nafasi ya vibanda vya video. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo waliungana kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa "Leka Dutigite". Miongoni mwao walikuwa Diamond Platnumz na Ali Kiba, nyota wawili wa bongo fleva ambao mavazi yao huigwa mitaani siku video inapotoka. Fremu pana za miaka ya 2000, lenzi zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, na vifremu vyembamba vilivyorudi tena baada ya 2015 vyote vilipitia njia hiyo. Jijini Nairobi msanii Cyrus Kabiru, ambaye utotoni alitamani miwani na baba yake akamnyima, amepata sifa ya kimataifa kwa miwani ya sanaa iitwayo C-Stunners, anayoiunda kwa waya, vizibo na vipuri vya vifaa vibovu. Nyingine haionyeshi mbele kabisa, maana imeundwa ili itazamwe.

Adabu nayo ina kanuni zake. Bwana harusi, wapambe wake na wafiwa huvaa miwani ya giza bila lawama. Lakini kijana anayemwamkia mzee huku ameivaa huonekana hana adabu, na aliyelelewa vyema huivua, au huipandisha utosini, kabla ya kutamka shikamoo.

Kinga inaporudi

Madhara ya jua machoni huja polepole. Miaka mingi ya mionzi na vumbi huchangia kinyama kinachoota kutoka pembe ya jicho kuelekea mboni, na mtoto wa jicho huwahi zaidi kwa waliofanya kazi juani. Wahitaji wakubwa zaidi ni watu wenye ualbino, ambao macho yao hukosa rangi ya kuchuja mwanga. Wilayani Kasulu, shule ya msingi Kabanga imewahifadhi watoto wengi wenye ualbino tangu mashambulizi ya mwishoni mwa miaka ya 2000. Kwao kofia pana, mafuta ya kuzuia jua na miwani ni mahitaji ya kila siku sawa na daftari.

Australia ilikuwa nchi ya kwanza kuweka kiwango cha kitaifa cha miwani ya jua, mwaka 1971. Viwango vya kimataifa vya leo hupanga lenzi kutoka daraja 0 hadi 4. Daraja la 3, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linafaa kwa jua kama la Kigoma. La 4 ni jeusi mno na haliruhusiwi kwa udereva. Maandishi ya UV400 yana maana kwamba lenzi huzuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Weusi wa lenzi peke yake si kinga. Nyuma ya lenzi nyeusi isiyozuia urujuanimno mboni hutanuka kama iko gizani, na mionzi hupata mlango mpana zaidi.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete. Rujewa, wilayani Mbarali, ilijaa watazamaji, na Kigoma waliona kupatwa kwa sehemu. Wataalamu walionya kwamba miwani ya kawaida ya jua, hata iwe nyeusi vipi, haifai kutazamia jua lenyewe. Ilihitajika ile yenye vichujio maalumu, ambayo ukiivaa na kutazama pengine popote huoni kitu.

Katika barabara ya Kigoma kwenda Ujiji leo miwani huuzwa na machinga kwenye ubao uliochomekwa safu kwa safu, kila lenzi ikiwa na kibandiko cha UV400 ambacho wanunuzi wengine hawakibandui hata wakiwa wameivaa. Kibandiko hakithibitishi lolote, kwa kuwa huchapwa kwa urahisi kuliko lenzi. Lenzi za Polaroid hupimwa kirahisi: mtu hutazama skrini ya simu kupitia lenzi na kuizungusha taratibu; skrini ikififia na kuwa nyeusi, aghalabu utando upo. Uwezo wa kuzuia urujuanimno haupimwi kwa macho. Huhitaji kifaa ambacho mafundi wengi wa miwani wanacho, na kazi yake huisha katika sekunde chache. Wateja wa kwanza kujali vipimo hivyo ni wanaoishi juani: madereva wa bodaboda wanaopambana na vumbi, manahodha wa maboti ya abiria, na wanaoanika dagaa. Wengine bado huchagua kwa fremu, na muuzaji mwenye busara huwa na aina zote mbili.